Buyenzi: Mahali Ambapo Pikipiki Kuukuu Hazitupwi

Msafiri atokaye Kigoma kwenda Bujumbura kwa njia ya nchi kavu huvuka mpaka baina ya Manyovu na Mugina, akateremka kupitia Mabanda hadi Nyanza-Lac, na tangu hapo Ziwa Tanganyika humfuata mkono wa kushoto mpaka mwisho wa safari. Jambo la kwanza analoliona ni kwamba magari ya huko hupita upande wa kulia wa barabara, desturi iliyoachwa na Wabelgiji. La pili ni wingi wa michikichi katika sehemu za Rumonge. Na kabla ya kuingia mjini, mahali paitwapo Mugere, lipo jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley, ambao walifika hapo tarehe 25 Novemba 1871. Wageni husimama, wakapiga picha, kisha wakaendelea na safari wakiamini kwamba wamekwisha kuona ukale wote wa sehemu hiyo.

Mimi napenda kumweleza msomaji habari za vitu vingine vya kale, ambavyo havina jiwe wala mlinzi. Navyo ni pikipiki kuukuu zinazotengenezwa, kuuzwa na kununuliwa katika mtaa wa Buyenzi. Nilikwenda huko wakati wa likizo yangu kwa ajili ya shauri la ukoo, nitakalolieleza mbele, nikakaa siku tisa. Katika siku hizo nilijifunza kwamba bei ya kitu kikuukuu ni elimu kamili, na kwamba asiyekuwa na elimu hiyo huweza kuuza mali ya thamani kwa bei ya msumari.

MTAA WENYEWE

Zamani Bujumbura uliitwa Usumbura. Wajerumani waliufanya kuwa kituo cha askari mwishoni mwa karne ya 19, Wabelgiji wakauteka mwaka 1916, na Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 mji ukachukua jina la Bujumbura. Mwaka 2019 Gitega ulifanywa rasmi kuwa makao makuu ya kisiasa, lakini biashara ilibaki kando ya ziwa.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu enzi ya Wabelgiji. Humo walikaa watu ambao asili zao ni Ujiji, Manyema na pande nyingine za ziwa, pamoja na wenyeji walioingia katika maisha ya mjini, na mpaka leo Kiswahili ndiyo lugha ya barazani na ya sokoni Ruvumera. Njia zake nyingi zina namba badala ya majina. Vita vilipoanza mwaka 1993 na mitaa mingi ya mji ikagawanyika kwa ukabila, Buyenzi ulijulikana kwa kuendelea kukaliwa na watu wa kila asili.

Hata hivyo, ukimwuliza mtu wa Bujumbura sifa ya Buyenzi, atakujibu kwamba ni mafundi. Tangu asubuhi nyundo hulia. Huyu ananyoosha bati la gari, yule anachomelea fremu, na wa tatu amekaa juu ya kigoda akisafisha kabureta kwa petroli iliyomo katika kopo la maziwa. Vipuri vimetundikwa ukutani mithili ya nguo sokoni: rimu, minyororo, vioo, taa, mikono ya breki. Mtoto wa miaka kumi na miwili hupokea spana kutoka kwa mjomba wake kama mwingine anavyopokea kalamu, na kabla hajaota ndevu amekwisha kujua kwa sikio tu kama pistoni imelegea.

ZINAZOUZWA NA WANAOZINUNUA

Pikipiki nyingi zinazoonekana mjini ni za Kihindi, TVS na Bajaj, ambazo hutumika kwa teksi. Kazi hiyo imepata misukosuko. Mwezi wa Machi 2022 serikali ilipiga marufuku pikipiki za teksi, bajaji na baiskeli katika sehemu za katikati ya mji, na uhaba wa petroli uliorudia mara kwa mara kuanzia mwaka 2021 uliwafanya waendeshaji walale kwenye foleni za vituo vya mafuta. Kwa hiyo TVS iliyotumika si kitu adimu, na wala sikuifuata hiyo.

Zile za aina ya peke yake hupatikana nyuma ya karakana, chini ya turubai. Ya kwanza kuitaja ni Yamaha AG100. Wajapani waliitengeneza kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa Australia na New Zealand, lakini mashirika ya misaada na misheni yakaipenda kwa barabara zetu za Afrika. Mnyororo wake umefunikwa pande zote ili tope lisiingie. Ina kichanja cha mizigo mbele na kingine nyuma, vyuma vya kuikinga injini, na viegemeo viwili, kimoja kila upande, ili isimame hata penye mteremko. Injini yake ni ya mipigo miwili, inayochoma oili pamoja na petroli, na haina valvu za kumsumbua fundi. Miradi inapofungwa pikipiki za namna hii huuzwa kwa mnada, nazo huishia mikononi mwa watu kama hawa wa Buyenzi.

Ipo pia Yamaha DT125, ndefu ya miguu, iliyozoeleka sana kwa mabwana shamba na watumishi wa afya. Ipo mara mojamoja Vespa, ambayo msomaji wa Unguja au Dar es Salaam haihitaji kuelezwa. Na msomaji akiona nembo ya Yamaha juu ya tangi, akumbuke kwamba ile ni picha ya uma tatu za kupimia sauti, kwani kampuni hiyo ilianza kwa kutengeneza vinanda. Pikipiki yake ya kwanza, ya mwaka 1955, iliigwa kutoka kwa DKW RT125 ya Ujerumani.

Hapa ndipo nilipopata somo la kwanza. Huko Ulaya na Marekani, kadiri kitu kinavyokuwa adimu ndivyo bei yake inavyopanda. Buyenzi mambo huenda kinyume. Fundi mmoja mwenye mvi, aliyekuwa akiuza Vespa nzuri ya rangi ya maziwa, alinitajia bei ndogo kuliko ya AG100 iliyokwaruzika kila mahali. Nilipomwuliza sababu, alinijibu: "Mwalimu, ile mbovu nikikosa ringi leo, jirani yangu anayo. Hii nzuri ikiharibika, nitapiga simu mpaka Daressalamu. Uzuri haupandi mlima." Alikuwa amesema kweli. Kwa mtu anayetegemea chombo ili apate mkate wa watoto, uadimu ni mzigo. Kwa mtu anayekitaka ili akitazame, uadimu ndiyo mali yenyewe. Pikipiki ile ile moja ina bei mbili, na hasara humpata yule asiyejua ni nani aliyesimama mbele yake.

SHAURI LA UKOO

Sasa nieleze kilichonipeleka. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliolewa Buyenzi mwaka 1971. Siku aliyoshuka melini kutoka Kigoma, mumewe alimpokea bandarini kwa pikipiki, akamfunga sanduku lake nyuma kwa kamba, na watu wa mtaani wakatoka nje kumtazama bibi arusi aliyekuja kwa ngurumo. Mume huyo, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa fundi. Pikipiki hiyo aliipata kwa mwajiri wake, Mbelgiji aliyerudi kwao mwaka 1964 na kumwachia badala ya mishahara ya miezi kadhaa. Tangu mzee afariki imekaa chumba cha uani, imefunikwa kwa mkeka.

Mwaka huu mvua iliharibu paa la nyumba ya shangazi. Mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hupita mtaani na mizani yake, akamwambia kwamba yuko tayari kuichukua pikipiki kwa kilo. Shangazi hakukubali wala hakukataa. Alinipigia simu, akasema: "Mwanangu, wewe umesoma. Njoo unitazamie kabla sijauza kisichorudi."

Nilipoufunua mkeka, niliona juu ya tangi herufi mbili, F na N. Ni herufi za Fabrique Nationale, kiwanda cha Herstal karibu na mji wa Liège nchini Ubelgiji, kilichoanzishwa mwaka 1889 ili kutengeneza bunduki. Mwaka 1901 kilianza kutengeneza pikipiki, na mwaka 1905 kilitoa pikipiki ya silinda nne, jambo ambalo wakati huo lilikuwa la ajabu. Mji huo mdogo wa Herstal ulikuwa na viwanda vitatu vya pikipiki, FN, Saroléa na Gillet, vilivyoshindana vikali. Katika miaka ya 1960 zama hizo zilikwisha, na FN ikaendelea na silaha. Kwa hiyo chombo kilichokuwa mbele yangu, cha miaka ya 1950, chenye silinda moja kubwa kama sufuria ya uji, kilikuwa mtoto wa ukoo uliokwisha kuzaa. Hakuna duka popote ambamo mtu ataingia leo na kukinunua kipya.

Lakini haikuwa FN tupu. Kabureta yake ilikuwa ya Yamaha. Taa ya nyuma ilikuwa ya TVS. Kiti kilikuwa kimeshonwa upya na fundi viatu, kwa ngozi nene yenye mshono wa mapindo mawili. Kisa cha kabureta alinieleza shangazi mwenyewe. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, ambavyo viliondolewa Januari 1999. Petroli ikawa ya magendo, vipuri vikakosekana, na mafundi wa Buyenzi wakalazimika kuunganisha ukoo huu na ule ili magurudumu yasisimame. Mzee alichonga kipande cha alumini kwa tupa muda wa siku tatu ili kabureta ya Kijapani ikae juu ya injini ya Kibelgiji. Ilikaa, na pikipiki ikatembea.

DEBE LA BISKUTI

Habari ya pikipiki hiyo ilikwisha kuenea. Siku ya nne alikuja mnunuzi wa pili, Mzungu mmoja aliyekuwa mjini kwa mkataba wa kazi, mtu mpole, mwenye tochi ndogo. Hakutazama rangi. Alipiga magoti, akafuta vumbi, akasoma namba ya fremu, kisha namba ya injini, akaziandika zote mbili. Halafu akatazama kabureta, akatikisa kichwa, akataja bei. Ilikuwa kubwa kuliko ya mizani, lakini hakuificha sababu ya kutoipandisha zaidi: chombo hakikuwa tena kama kilivyotoka kiwandani.

Shangazi alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele. Aliuliza, "Anataka nini?" Nikamtafsiria kwamba anaulizia kabureta ya asili. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na debe la biskuti lililofungwa kwa kitambaa. Ndani yake, kila kipande kimepakwa grisi na kuvingirishwa katika gazeti, vilikuwamo vitu vyote ambavyo marehemu alikuwa ameving'oa katika maisha yake: kabureta, taa ya nyuma, kufuli ya usukani, hata bolti na nati. "Alikuwa akisema," shangazi alieleza, "kwamba kilichotoka kwenye chombo kina haki ya kurudi."

Mgeni alikaa kimya kitambo. Kisha akaongeza theluthi nzima juu ya bei yake ya kwanza.

Msomaji asidhani kwamba mgeni huyo alikuwa na wazimu. Wapenzi wa vyombo vya kale ulimwenguni kote huhesabu hivyo. Mwezi wa Januari 2023, katika mnada wa Las Vegas nchini Marekani, pikipiki ya Harley-Davidson ya mwaka 1908 iliuzwa kwa dola 935,000. Hiyo ilikuwa imeokotwa ghalani katika jimbo la Wisconsin mwaka 1941, na sehemu kubwa ya thamani yake ilitokana na kubaki na tangi lake, magurudumu yake na vitu vyake vingine vya asili. FN ya Buyenzi haina hata chembe ya bei hiyo, wala nisimdanganye mtu. Lakini kanuni ni moja: mikono iliyotengeneza huokoa uhai wa chombo, na mikono iliyohifadhi huokoa thamani yake. Marehemu alikuwa na mikono yote miwili.

SAUTI MBILI

Haikuwa furaha kwa kila mtu. Fundi mmoja wa jirani, aliyefunzwa kazi na marehemu, alikuja jioni akiwa na uchungu. Aliona kwamba hiyo ndiyo pikipiki ambayo mwalimu wake aliitumia kuwafundisha vijana maana ya mpangilio wa moto na pumzi katika injini. "Mama," alisema, "zile za Wabelgiji zilikatwa zikawa masufuria. Zile za misheni zinakwisha. Hii ikivuka bahari, mjukuu wako akiuliza babu alikuwa fundi wa nini, tutamwonyesha TVS?"

Maneno hayo yalinigusa, nami nilikuwa karibu kuyaunga mkono. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, akamwandalia chai, ndipo akajibu: "Mwanangu, mwalimu wako hakuwafundisha chuma, aliwafundisha mikono, na mikono mnayo. Mimi nina paa linalovuja juu ya wajukuu wanne. Anayetaka pikipiki ibaki Buyenzi, na alete mabati."

Hakuna aliyejibu. Na kwa kweli, mtu akitafakari, jibu halipo mpaka serikali za miji yetu au makumbusho yetu yatenge fungu la kununua vitu vya namna hii kwa wenyewe kwa bei ya haki. Kumwambia mjane atunze historia ya mji kwa gharama ya wajukuu wake kulowana ni kumtwisha mzigo usio wake.

Hata hivyo shangazi hakuuza siku ile. Kadi ya pikipiki, ambayo kule huitwa kwa Kifaransa carte rose, ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na mali hiyo haikuwa yake peke yake. Kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu, mjane aliyeachiwa watoto hupata thumuni, yaani fungu moja katika mafungu manane, na yanayobaki ni ya warithi wengine. Alimwomba mgeni miezi miwili ili watoto wake, ambao mmoja yuko Rumonge na wengine wawili ng'ambo ya ziwa, wakae pamoja na kuafikiana. Mgeni alikubali, tukaandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili wa mtaani. Watoto walipokutana walimwachia mama mafungu yao yote kwa hiari, kwa sharti moja: lile bamba la alumini alilolichonga marehemu kwa tupa libaki nyumbani. Mnunuzi hakulihitaji, maana kabureta ya asili ingerudi mahali pake. Mabati yamekwisha kuezekwa.

YAFAAYO KUKUMBUKWA

Huenda nyumbani kwako, ndugu msomaji, kuna Vespa ya baba chini ya mwembe, au Honda ya mjomba iliyogeuzwa kitagio cha kuku. Basi ufanye mambo manne.

Kwanza, usikubali bei ya mizani kabla ya kujua jina la kiwanda na mwaka wa chombo. Futa vumbi, usome maandishi yaliyogongwa kwenye fremu na kwenye injini, uyaandike katika daftari. Namba hizo zikilingana na za kadi, mali yako imepata ushahidi. Zikikosa kulingana, uliza kwanza kwa nini, maana pikipiki za wizi nazo huzeeka.

Pili, kipuri cha asili kikitolewa, kisitupwe. Kipake grisi, kivingirishe, kiandike jina. Debe moja la biskuti halichukui nafasi kubwa kabatini.

Tatu, mjue anayenunua. Anayetaka chombo cha kazi, mwuzie AG100 au nyingine ambayo jirani ana vipuri vyake, nawe ununue hiyo hiyo ukiwa na shida ya usafiri. Anayetaka chombo cha kutazama, usimwonyeshe haraka ya kuuza.

Nne, tengenezeni karatasi za mali wakati mwenye mali yu hai. Mabishano ya warithi yameua vyombo vingi kuliko kutu.

Na anayesafiri kwenda Bujumbura asiishie kwenye jiwe la Mugere na upepo wa ziwani. Aende Buyenzi saa za asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, aombe kigoda karibu na karakana yoyote, anyamaze na kutazama. Ataona chuma kilichotupwa na watu wa mabara matatu kikipewa pumzi mpya kwa tupa na subira. Hatalipishwa kiingilio, ila akiwanunulia mafundi chai watafurahi.